Maua yanaharibika na dawa umepiga: geuza jani kwanza

Hapa Kanda ya Ziwa kesi nyingi za wadudu kwenye maua zinaharibikia dukani. Mtu anaona waridi zake zimebadilika rangi, anadandia boda mpaka duka la pembejeo, mazungumzo yanakuwa hivi: "Dada naomba dawa ya wadudu." "Wadudu gani kaka?" "Hawa hawa wa kwenye maua." Sasa duka la huku linaishi kwa wakulima wa pamba na nyanya, kwa hiyo anapewa kile kinachotoka sana, saipamethrini au lambda-saihalothrini au mchanganyiko na profenofosi, anapiga, siku mbili tatu anaona shwari, wiki ya pili tuta zima limekuwa rangi ya shaba na anarudi dukani kuomba kali zaidi. Dawa sio feki wala nini. Aliyenaye shambani sio mdudu wa dawa ile, na wakati mwingine sio mdudu kabisa.

Kwa hiyo tuanze na kinachoonekana kwenye ua, halafu turudi kwa anayekifanya. Uwe na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 (kamera ya simu ukivuta karibu inasaidia kidogo ila lenzi ni lenzi), karatasi nyeupe ya A4, na kadi za gundi za kunasa wadudu, za njano na za bluu. Na uwe mtu wa kugeuza jani, maana jamaa wengi wanaotusumbua wanaishi chini yake na sisi tunaangalia juu.

Vidoti vya njano juu ya jani, baadaye jani zima linakuwa shaba

Hii ndo kesi namba moja, hasa Juni mpaka Septemba mvua zikishakata. Vidoti vinaanzia majani ya chini na ya katikati, vidogo vya ncha ya sindano, ukigeuza jani unakuta kama vumbi linatembea. Huyo ni utitiri. Kwa lenzi utaona mwili wa kijani-njano wenye madoa mawili meusi ubavuni, miguu minane, na mayai ya duara yanayong'aa. Kama lenzi huna, weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge mara kadhaa, subiri kidogo uone kama vile vidoti vinaanza kutembea, vipitishe kidole, vikiacha mchirizi wa rangi una jibu lako. Ukishaona utando mwembamba kati ya majani na shina, ujue wamejaa na wanajiandaa kuhama, wanajining'iniza kwenye uzi na upepo unawabeba mpaka tuta la pili.

Utitiri kitaalamu sio mdudu, yuko upande wa buibui na kupe, na hapo ndo hela za watu zinapopotelea. Imidaklopridi, dawa ya wadudu wanaonyonya, haimpati. Zile dawa za pamba za jamii ya pairethroidi nazo zinawamaliza vizuri sana wale wanaomla, yeye anabaki anazaana bila bughudha, ndo maana shamba lililopigwa saipamethrini mara tatu mfululizo linakuwa na utitiri wengi kuliko la jirani ambaye hakupiga kitu. Ukisikia mtu anasema "nilipopiga dawa ndo wakaongezeka" usimcheke, anasema kweli tupu.

Halafu kuna joto. Kwenye nyuzi 27 mpaka 30 yai linafika utitiri mkubwa anayetaga ndani ya wiki moja hivi, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 100 na zaidi. Kwenye ubaridi wa nyuzi 18 hadi 20 safari hiyo hiyo inachukua wiki mbili na kitu. Mchana wa Agosti Mwanza unacheza kwenye 28, 29, na juu ya hapo tuna haya mawe yetu. Shamba la Luchelele au Buswelu lenye jiwe kubwa pembeni, mstari uliokaribiana na jiwe ndo unaotangulia kuugua, kwa sababu jiwe linakunywa jua mchana kutwa na jioni linalirudisha. Baada ya hapo kagua upande wa barabara ya vumbi (vumbi linawasumbua wale wanaokula utitiri, yeye halimsumbui), halafu mlangoni mwa grinhausi. Angalia na kwa jirani pia, mpapai, maharage, nyanya, mbarika, hao wote wanamfuga.

Usichanganye na njano ya kukosa chakula. Ile inakuwa njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe inabaki kijani, na chini ya jani ni pasafi. Hapo hata upige nini, unamwagilia pesa.

Cha kufanya. Kama bado wako sehemu mbili tatu, kata majani yaliyojaa, tia kwenye mfuko pale pale ulipo, usiyaburute kupita shamba zima. Osha chini ya majani kwa maji yenye presha asubuhi mapema, ili mpaka jioni majani yawe makavu maana waridi likilala na maji unakaribisha ukungu. Hii ya maji watu wanaidharau ila inawadondosha kweli na inaondoa vumbi. Wakiwa wengi nenda kwenye dawa ya utitiri hasa, abamektini ndo inayopatikana kirahisi. Inaingia ndani ya jani, ila ile inayobaki juu inaharibiwa haraka na jua, kwa hiyo piga jioni. Mayai haiyawezi vizuri, ndo maana lazima urudie baada ya siku 5 hadi 7 kwenye kipindi cha joto, la sivyo waliokuwa kwenye mayai wanakuja wanakuta meza imeandaliwa. Fuata kipimo cha kwenye lebo, na safari ya tatu usiitumie tena hiyo hiyo, nitarudi hapo.

Kitu kimoja kabla hujapiga: angalia kama kuna utitiri wengine wa rangi ya chungwa, umbo la tone, hawana madoa, wanakimbia mbio juu ya jani wakati wale wa kawaida wanajikokota. Hao ni wanaokula wenzao. Mashamba makubwa ya waridi kule Naivasha, Kenya, wananunua jamii hiyo, Phytoseiulus persimilis, wanaiachia kwenye maua. Wewe ukiwapata bure usiwaue kwa kudhani ndo "utitiri mwekundu" wenyewe.

Kitumba kimepinda, petali zina kingo za kahawia au michirizi ya fedha

Fikiria thripsi. Wembamba, urefu wa milimita moja na kidogo, wanajificha ndani kabisa ya kitumba, ndo maana unapiga dawa nje wao wako ndani wanakula. Chukua ua, lipulizie pumzi ya moto ya mdomo, ligonge juu ya karatasi, utaona wanatoka wanakimbia. Ushahidi mwingine ni vidoti vidogo vyeusi kwenye ile michirizi ya fedha, hicho ni kinyesi chao. Kwenye waridi nyeupe, krimu na pinki mpauko inaonekana mapema, kwenye nyekundu iliyokoza unaweza usigundue mpaka mpambaji wa harusi akupigie simu saa kumi na mbili asubuhi.

Ila sio kila ukingo wa kahawia ni thripsi. Kama kahawia ni laini, lina maji maji, na likikaa usiku linaota unyoya wa kijivu, huo ni ukungu wa botritisi, punguza unyevu na uache hewa ipite. Kama ni kavu na iko upande mmoja tu unaotazama jua la saa nane, ni kuungua.

Thripsi anataga ndani ya nyama ya jani au petali, na akifika hatua ya kugeuka wengi wanadondoka kwenye udongo. Kwa hiyo dawa ya juu inawakuta nusu ya familia tu. Unahitaji kurudia, spinosadi inafanya kazi nzuri, na unahitaji usafi: maua yaliyochanua yakapitwa, yale ambayo hayajauzika, yakate yaondoke shambani, usiyaache yanapukutika pale chini maana hicho ndo kiwanda chao. Kadi za bluu zinawavuta kuliko za njano. Na kama jirani amevuna vitunguu jana, kesho kagua vitumba, maana vitunguu vikiondoka thripsi wake wanatafuta pa kwenda.

Majani yananata, yana masizi, sisimizi wanapanda na kushuka

Kunata ni utamu unaodondoshwa na wadudu wanaonyonya maji ya mmea, masizi ni ukungu unaoota juu ya ule utamu, na sisimizi wanafuata kula. Ukungu wenyewe hauna haja ya dawa, ukimwondoa mnyonyaji unaosha masizi kwa maji basi. Swali ni mnyonyaji yupi.

Kwenye chipukizi laini na shingo ya kitumba, wamejazana, kijani au pinki, na kuna magamba meupe yamedondoka kwenye majani ya chini: vidukari, wengine wanaita wadudu mafuta. Jike anazaa watoto hai bila dume, wiki moja hivi mtoto naye anazaa. Nyuma ya vidukari mara nyingi kuna mkono mzito wa urea, mtu anataka shina refu haraka, shina linakuja laini na vidukari wanalipenda. Punguza naitrojeni, yaani hiyo urea, kwanza. Wakiwa wachache maji ya sabuni ya maji yanawatosha ukiwapata mwilini, jaribu mimea michache uone kama majani hayaungui, na usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Ukiona kunguni kibibi, yule mviringo mwekundu mwenye madoa meusi, au mtoto wake anayefanana na mamba mdogo, mwache amalize kazi.

Ukitikisa mmea wakaruka wadogo weupe na kutua tena, ni inzi weupe, gebera na poinsetia ndo wanateseka. Wanaoruka sio wa kuhangaika nao sana, tatizo ni watoto waliobandikwa chini ya jani hawatembei, dawa lazima ifike pale. Pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vigamba vya kahawia kwenye shina la zamani ambavyo ukivikwangua kwa kucha vinatoka, ni wadudu magamba. Hawa wawili wana nta au gamba juu yao, dawa inateleza, kwa hiyo kata matawi, sugua kwa mswaki na maji ya sabuni kama ni miche michache, na wazuie sisimizi, maana sisimizi anawalinda dhidi ya wanaowala.

Kitumba kina tundu, ndani kuna funza na kinyesi

Huku kwetu wa kwanza kumshuku ni funza wa vitumba, yule yule wa pamba. Nondo wake anatoka kwenye mahindi, nyanya, pamba, dengu, na dengu kanda hii zinalimwa sana mvua zikiwa zinaisha, kwa hiyo zikianza kukauka wanahamia kwa mwenye maua. Anataga yai moja moja. Ukimpata akiwa bado mdogo na yuko nje, dawa za bakteria wa Bt zinamuweza, piga jioni. Akishaingia ndani ya kitumba hakuna dawa ya maana, kata kitumba, kitie kwenye mfuko.

Kuna mwingine mwenye rangi ya pinki kwa nje akikua, tundu lake dogo sana, anapenda pia pilipili, machungwa na parachichi. Huyo ni nondo anayewapa presha wauzaji wa nje, maana Ulaya tangu Aprili 2025 wamekaza masharti ya waridi kutoka Afrika kwa sababu yake. Sisi tunaouza kwa makanisa na kumbi za Mwanza hatukaguliwi hivyo ila bibi harusi akikuta funza kwenye shada matokeo ni yale yale.

Petali zimeliwa mchana kweupe na mla yuko pale pale juu ya ua, mweusi ana mikanda myekundu au ya njano? Mwokote kwa glavu au umdondoshe kwenye kopo la maji ya sabuni. Usimponde kwa mkono, maji yake yanatoa malengelenge.

Na kama majani ya waridi yamekatwa nusu duara safi kabisa pembeni, utadhani fundi kapita na mkasi, tulia. Ni nyuki mkata majani, anachukua vipande kwenda kujengea kiota. Mmea haupungukiwi kitu. Usipige.

Michoro myeupe inazunguka ndani ya jani

Huyo wanamwita chora ramani. Ni funza wa inzi mdogo, yuko katikati ya ngozi mbili za jani, krisanthemumu na jipsofila ndo wahanga wakuu. Inua jani dhidi ya jua uone kama kwenye mwisho wa mchoro kuna funza hai wa njano. Kama ni mweusi amekauka, nyigu wadogo wanaowaua funza hao wamekutangulia, usiwaharibie. Akiwepo, vua majani hayo, abamektini au spinosadi inamfikia.

Kadi za njano zimejaa ghafla usiku mmoja

Hii ni ya watu wa pwani ya ziwa, Igombe, Luchelele, visiwani huko. Unaamka unakuta kadi nyeusi tii, unapata presha. Kabla hujakimbilia bomba kumbuka wale wadudu wanaoinuka ziwani kwa mawingu na kuja kwenye taa, mara nyingi mwezi ukiwa mchanga. Hao hawali maua. Wakishakuwa wakubwa hata hawana haja ya chakula cha maana, wanaishi muda mfupi wanakufa. Ila wanakuvurugia hesabu, wanaziba gundi, thripsi na inzi weupe wakija hawana pa kunasa. Badilisha kadi, zishushe usawa wa mimea, zima taa za nje zilizo karibu, na siku hizo amini jani kuliko kadi.

Umemjua mdudu, umepiga dawa sahihi, hafi

Hapa kuna sababu nyingi na watu wanakimbilia ya mwisho, kwamba dawa ni feki. Inawezekana, angalia kama ina namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), tarehe, na kifuniko hakijafunguliwa, na usikubali kupimiwa kwenye chupa ya soda. Ila anza na bomba. Nozeli ikichakaa inatoa matone makubwa yanayodondoka chini, na mpigaji akitembea haraka ameelekeza juu, chini ya majani kunabaki pakavu. Jaribu: piga maji matupu, halafu geuza majani ya katikati ya mmea. Kama yamebaki makavu umepata mchawi wako.

Halafu maji. Maji ya ziwa ya karibu na ufukwe, yale yenye ukijani, mchana pH yake inapanda, na dawa kadhaa, hasa jamii ya profenofosi, zinavunjika haraka kwenye maji ya namna hiyo. Chota asubuhi, pima kwa karatasi za pH kama unazo, changanya unachokimaliza saa hiyo hiyo, hii ya kuchanganya leo upige kesho iachwe. Upepo wa kutoka ziwani unakuja mchana, kwa hiyo mapema asubuhi au jioni ukishatulia ndo saa ya kupiga, na abamektini na Bt mimi ningezipeleka jioni.

Kubwa kuliko yote ni usugu, na usugu unaletwa na kubadilisha majina bila kubadilisha sumu. Mtu anakwambia "nabadilisha dawa kila mara", ukichek makopo unakuta imidaklopridi, asetamipridi, thiamethoksamu, zote tatu ni kundi 4A (kundi ni namna sumu inavyomuua mdudu). Au anazungusha abamektini na emamektini ile ya kantangaze (mdudu wa nyanya), zote kundi 6. Hapo hajabadilisha kitu. Lebo nyingi siku hizi zina namba ya kundi: pairethroidi ni 3A, profenofosi 1B, spinosadi 5. Zungusha namba, achana na picha ya kwenye kopo. Na ile tabia ya kuchanganya dawa nne kwenye bomba moja ili "lolote liwalo" inaua marafiki wote kwa mkupuo na inamfundisha adui dawa nne kwa siku moja.

Vaa glavu, gambuti na barakoa, na wakata maua wasiingie mpaka muda wa kwenye lebo upite, maana ua tofauti na kabichi haliliwi ila linashikwa na kunuswa na kila mtu. Bomba usilioshe ziwani hata kama maji yako hatua tano, pairethroidi na abamektini ni sumu kali kwa samaki, na ile sheria ya mazingira ya 2004 ya mita 60 kutoka kwenye maji ipo. Maji ya kuoshea yapige kwenye tuta lile lile.

Miche mipya na maua yanayoshushwa kutoka Arusha yakae pembeni kwanza, uyakague kwa lenzi. Kazi ya siku ianzie kwenye tuta safi na kuishia kwenye tuta lenye wagonjwa, mkasi ufutwe kabla ya kurudi, na makoti yafuliwe, kwa sababu utitiri anasafiri kwenye mkono wa shati. Mifuko ya majani na vitumba mliyokata ifungwe, ikae juani siku kadhaa mpaka kila kitu ndani kiive, ndo imwagwe.